Jogoo Hatagi

Mwanangu Kasimu,

Ya nguo, ya dawa ya homa, ya nani wa kumwamkia kwanza ukishuka Mutsamudu, kule Nzwani, mama yako amekwisha kukuambia, mjomba wako ameyarudia, na shangazi zako wamekuja leo mchana kuyasema kana kwamba hakuna aliyewatangulia. Mimi sitaongeza. Karibu na sanduku lako kuna kapu lililofunikwa kitambaa cheupe. Barua hii nitaiweka humo, ndani ya pumba za mpunga, chini ya mayai. Usiisome melini. Isome ukishaingia ndani na kufunga mlango.

Nakuandikia kwa Kiswahili, kama tulivyozoea mimi na wewe tangu bibi yako alipokuwa hai, maana alihama Unguja na lugha hiyo na hakukubali iishie kaburini kwake. Nina sababu nyingine pia, na kwa kuwa unanijua hutashangaa. Siku hizi barua za Kifaransa husomwa na watu wasioandikiwa. Atakayeifungua hii itabidi amtafute mzee wa kumsomea, na mzee huyo atachoka kabla ya ukurasa wa pili, kwa kuwa ni habari ya kuku.

Kesho unakwenda kuingia katika nyumba ya mkeo. Wenzako mliokua pamoja hapa Moroni hawaoni ajabu. Hapa Ngazija mwanamke hujengewa nyumba na wazazi wake, mwanamume huja na sanduku, basi. Lakini mimi nililelewa Unguja, na baba yangu akisema "nyumba yangu" aliupiga ukuta kwa kiganja. Nilipomwoa mama yako nilikuja hapa na nguo zangu, shajara zangu, na cheti cha sekondari ambacho hapa hakuna aliyekihitaji. Mjomba wako Abdu, kaka wa mama yako, aliingia bila hodi, akafunua sufuria jikoni, akaonja. Nyumba aliijenga mama yao. Mimi nilikula chakula kizuri na kulala pazuri, lakini miaka mingi nilisema "nyumbani" tu, bila kuongeza "kwangu". Kitu cha kwanza nilichokiita changu katika ua ule ni kuku.

Unakumbuka walikotoka, lakini hujawahi kuambiwa vizuri. Nilikuwa karani wa ghala kwa mlimaji mmoja Mfaransa, mwenye vanila na mashamba ya langilangi juu ya mji. Uhuru ulipopatikana akafunga virago; ghala na karani wake tukabaki kwa serikali. Magodoro aliuza, gari aliuza, mbwa akampiga risasi. Kuku hakuweza kuwauza kwa sababu hakuna aliyewataka, kwa kuwa hawakuwa na mkia. Nyuma walikuwa wa duara kama chungu, na masikioni wametoka vishungi vya manyoya kama masharubu ya mzee. Akanipa jogoo mmoja na mitetea watatu. Akaniambia ni kuku wa asili ya Chile, wanaitwa Araukana, babu yake aliwafuga, na nisiwachanganye na kuku wa mtaani hata siku moja. "Ukiwachanganya mara moja," alisema, "umewapoteza, na hutajua umewapoteza lini."

Maneno hayo yaliniingia kama yaliyoandikwa kwa ajili yangu.

Yai la kwanza mama yako aliliokota na kuliweka chini tena. Lilikuwa la buluu, buluu ya mlango wa zamani uliopigwa jua. Nilipolipeleka bangweni, pale kwenye mabaraza ya mawe wanapokaa wanaume wa mtaa, likazunguka mikononi mwa kila mtu.

"Karani, umelipaka rangi?"

"Limepakwa na mama yake."

"Basi huyo mama mtume kwangu, nina madirisha mawili."

Mwalimu wa chuo cha Kurani akaulizwa kama linaliwa. Akalikuna kwa ukucha, akalinusa, akasema ganda haliulizwi dini, tulipasue. Ndani lilikuwa yai kama yai lolote. Alilila yeye, na kwa kuwa hakudhurika, mjadala ukaisha.

Mimi sikucheka nao. Nilianza kuhesabu walioliangalia yai lile kwa muda mrefu kuliko wengine.

Nikajenga banda la mbao na wavu wa chuma, nikaweka kufuli. Nilichagua jogoo mwenye vishungi vikubwa kuliko wote, nikampa mitetea wenye vishungi vikubwa kuliko wote, kwa sababu niliamini bora ukimpa bora utapata bora zaidi. Mayai yakalaliwa. Siku ya kuanguliwa ilipofika, vifaranga wengi hawakutoka. Niliyapasua maganda nikawakuta wamekamilika, na manyoya na kucha, wamekufa. Mara ya pili ikawa hivyo, na ya tatu.

Mtu mwingine angesema ni kudura. Mimi nilisema ni Abdu. Yeye ndiye aliyekuwa akiingia uani bila hodi, na nilimwona mara mbili amechuchumaa mbele ya wavu akitabasamu. Nikaamini anayatikisa mayai nikiwa kazini. Nikamwaga jivu mlangoni mwa banda ili nione nyayo. Nyayo nilizoziona zilikuwa zangu na za mama yako, na hilo halikunituliza. Nilisema amejifunza kuruka jivu.

Nikamwambia asiingie tena uani.

"Shemeji," alisema, na hakupandisha sauti, "mama yangu alichimba msingi wa ua huu akiwa na mimba yangu. Leo unanifungia kwa ajili ya kuku?"

"Kwa ajili ya mayai."

"Haya. Nitapita mlango wa mbele, nile, niondoke. Mgeni mwema."

Alitimiza. Miaka kadhaa alikula chumba cha mbele kama mtu baki, na mama yako akabeba sahani zake bila kunitazama.

Ndipo nikaanza na sindano. Mama yako alikuwa na sindano nyembamba ya kudarizia kofia. Niliichukua bila kuomba. Kila yai lililokuwa linatoka nyumbani mwetu, liwe zawadi kwa mzazi, kwa mgonjwa, kwa mwalimu, nililitoboa upande mpana mpaka nikahisi ncha imegusa kiini, kisha nikaziba tundu kwa nta ya mshumaa. Linalika siku ile ile bila tatizo, ila halianguliwi. Kwa njia hiyo nilikuwa mkarimu na hakuna aliyepata kuku wangu.

Mama yako alinifuma asubuhi moja. Alisimama na ndoo ya maji mkononi. "Unampa mtu zawadi huku umekwisha kuiua?"

"Wanataka kula. Watakula."

"Na asiyetaka kula?"

Asiyetaka kula alikuwepo. Ulikuwa ule mwaka watu wetu walipotoka Majunga, kule Madagaska, wale walionusurika mauaji. Bi Sofia alifikia nyumba ya pili kutoka kwetu na watoto watatu na sanduku moja. Ulikuwa ukicheza na mwanawe wa kati. Akaja mlangoni, hakukaa hata nilipomkaribisha. Alisema, "Karani, nipe sita tu. Nimepata kuku mmoja anataka kulalia. Kule nilikuwa na kuku hata wa kuwagawia watu." Nikampa sita katika bakuli. Nilikuwa nimeyatoboa alfajiri.

Kuku wake aliyalalia siku zote za kulalia. Kisha Bi Sofia akaja tena, na bakuli limeoshwa, akaniomba msamaha. "Nimekuharibia mayai yako. Pengine chumba changu kina joto baya. Pengine ni bahati yangu tu, hata kwa kuku."

Nikamwambia, "Haidhuru."

Mwanangu, nimesema maneno mengi mabaya maishani, mengine kwa hasira, na nimesamehewa. Neno hilo moja, nililolisema kwa upole, ndilo linaloniamsha.

Mwaka uliofuata wakaja mamluki, wakapindua serikali. Sikuandikii habari zao, ulikuwepo. Ulikuwa na umri wa kutosha kujua kwamba gari likipita polepole watu wazima hunyamaza. Mmoja wao, mzungu mwenye cheo, aliona mayai yangu kwa mtu sokoni akauliza yanatoka wapi, na mtu huyo akamwelekeza. Nilitumia miezi kutaka kumjua mtu huyo. Akaja kwa miguu, kwani gari haliingii vichochoro vyetu, bastola kiunoni, akapiga hodi kwa Kifaransa kizuri. Nikamfikisha uani. Alichuchumaa mbele ya wavu kama Abdu alivyochuchumaa, akatabasamu vile vile.

"Karani, hawa umepewa na nani?"

"Na aliyeondoka, bwana."

"Hapa kila kizuri kimetoka kwa aliyeondoka." Kisha akauliza, "Vifaranga wanakufa ndani ya ganda?"

Nikadhani Abdu amekwisha kufika hata huko. "Nani amekuambia?"

"Kuku wako. Jogoo ana vishungi, mitetea wote wana vishungi. Mwenye kishungi humpi mwenye kishungi. Mpe aliye mtupu. Ukiwakutanisha wawili, damu yao yenyewe inawala watoto."

Ndivyo nilivyojua. Shemeji yangu alikula miaka ile yote chumba cha mbele kwa kosa la manyoya. Na aliyenifundisha ni mtu ambaye sikuweza kumshukuru, kwa sababu sikuacha kujiuliza anataka nini. Mtu anayelipwa kwa bunduki, kwa nini anipe elimu bure?

Alitaka mayai ya kulalisha, kwa ajili ya banda dogo alilokuwa amejenga kambini. Nikampa. Na hapa uone jinsi mazoea yanavyoweza kumshinda mtu hata mbele ya kifo: nilimtobolea na yeye.

Alirudi baada ya wiki kadhaa akiwa na yai moja. Aliliinua juani, akaligeuza kidogo kidogo, akanionyesha kitone cha mwanga. "Babu yangu alitumia mwiba," alisema. "Wewe ni sindano, nadhani. Tundu lako ni safi zaidi." Akaliweka juu ya ukuta, akaondoka, na hakurudi tena. Nililala na viatu mlangoni muda mrefu nikisubiri gari. Halikuja. Hadi leo sijui kwa nini, na usinitafutie jibu, nimejaribu yote.

Lakini ziara zile mbili zilitosha. Bangweni nikikaa, baraza lilibaki na nafasi kila upande wangu.

"Karani, mzungu wako leo hajaja?"

"Si mzungu wangu."

"Basi ni wetu sote. Tumsalimie kwa nani?"

Kisha kijana mmoja mwalimu, wa mtaa wa juu, akachukuliwa. Aliporudi alikuwa hazungumzi sana. Watu wakanitazama mimi. Sikuwa nimesema kitu. Sikuwa na kitu cha kusema. Lakini nenda ukamthibitishie mtu kwamba hukusema. Huna pa kulishika hilo. Unaweza kuonyesha ulichofanya, huwezi kuonyesha usichofanya. Niliyekuwa nikimwaga jivu mlangoni nikaanza kuogopa nyayo zangu mwenyewe.

Ungetegemea nijifunze hapo. Sikujifunza. Nilizidi.

Nilitumwa Mutsamudu kwa kazi ya ghala. Katika kichochoro chini ya ngome, pale ambapo watu wawili hawapishani bila mmoja kuegemea ukuta, nilipishana na mwanamke aliyebeba bakuli la mayai. Matatu yalikuwa ya kawaida na mawili ya buluu. Nikamfuata. Nilimwuliza kwa adabu yote niliyo nayo.

"Mayai haya yametoka wapi, bibi?"

"Kwa kuku."

"Kuku wa nani?"

"Wa nyumba iliyo na mlango," alisema, akaufunga.

Mwanamke huyo, Kasimu, ni Bi Zahara, ambaye kesho atakuwa mkweo. Sasa unajua kwa nini alicheka sana nilipokwenda kupeleka posa.

Nilirudi Moroni nikiwa na uhakika. Abdu ndiye aliyekuwa akisafiri Mutsamudu kwa biashara ya vitambaa. Shajara yangu ya miezi ile ina jina lake kila ukurasa, saa aliyofika, alichokula, mkono gani ulibeba nini. Na kwa kuwa mimi nilikuwa kazini mchana, nilihitaji macho. Nikakuchukua wewe. Nilikuweka mbele yangu kila jioni na kukuuliza: mjomba amekuja? Amesimama wapi? Amezungumza na mama nini? Ukijibu vizuri nilikupa kipande cha sukari guru. Wakati ule mji ulikuwa umejaa watu wa kupeleka habari, na kila baba alikuwa akimfundisha mwanawe kunyamaza. Mimi nilikuwa nikimfundisha wangu kusema, dhidi ya mjomba aliyembeba mabegani.

Jioni moja hukuichukua sukari. Ulisema, "Sikuona kitu," na ukaendelea kusema hivyo kwa kila swali, hata nilipokuuliza kama mvua imenyesha. Nilikasirika. Leo nasema alhamdulillahi. Lakini gharama yake naijua: tangu siku ile hukuniambia jambo lako lolote. Habari za binti wa Bi Zahara niliambiwa na kinyozi.

Kisha kikaja kideri. Ulikuwa kwa shangazi yako wiki ile, hukuona. Kuku wa mtaa mzima walianza kupinda shingo na kuhara kijani, na nilisimama mbele ya kufuli langu nikiamini kufuli litazuia. Yule jogoo alikufa wa kwanza. Mtetea wa mwisho nilimpasua kwa kisu nikitafuta sumu. Sikuona sumu. Niliosha mikono, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, na kwa mara ya kwanza sikupata mtu wa kumshuku.

Miezi ikapita. Ijumaa moja mjomba wako akasimama kwenye mlango wa uani, ule niliomfungia, na kapu mkononi. Hakuingia. Alilisukuma kwa mguu hadi ndani. Lilikuwa na jogoo na mitetea wawili, hawana mkia, mmoja ana kishungi upande mmoja tu.

"Hawa ni wako," alisema. "Au ni wa dada yangu. Sheria yenu ya kuku siijui."

Mama yako alitoka jikoni, akafuta mikono, akasema yote kwa sentensi chache. Tangu siku ya Bi Sofia alikuwa akinitangulia bandani. Aliyachukua mayai kabla ya sindano, akayaficha ndani ya mchele, na Abdu akayapeleka Mutsamudu kwa Bi Zahara, rafiki wa mama yako tangu chuoni, ambaye kideri hakikumfikia. Jivu sikuwa nimeacha kulimwaga, na nyayo zilizokuwemo zilikuwa za mama yako kweli. Nilizitazama kila asubuhi sikuziona.

Nilimwuliza kwa nini hakumpa Bi Sofia, jirani.

"Ungejua," alisema. "Ng'ambo ya maji usingejua."

Basi utaona nilikuwa nimemshuku mtu niliyestahili kumshuku. Abdu alikuwa akiyatoa mayai nyumbani mwangu, kama nilivyoandika. Kila kitu nilichokiandika kilikuwa kweli, isipokuwa kilichokuwa kikitendeka. Nilimwomba mjomba wako aingie. Alivuka kizingiti, akaenda moja kwa moja jikoni, akafunua sufuria. Hatujalizungumza tena.

Bi Sofia nilimpelekea mitetea wawili wa uzao uliofuata. Hao alio nao sasa wametokana nao, na akiniona mbele za watu hunisifu. Nasimama, nasikiliza. Sijamwambia. Sijui kama ni woga au ni huruma, na siku nikijua huenda nikamwambia.

Sasa nikuambie habari ya jogoo yule aliyerudi, maana ndiyo niliyokusudia tangu mwanzo. Mutsamudu hawakumfungia. Alikulia vichochoroni, na mama yake huenda alipandwa na jogoo yeyote wa mji ule. Alikuwa na sura kamili, kishungi, mgongo wa duara, kila kitu. Lakini jogoo hatagi. Unaweza kumtazama mwaka mzima, kumpima, kumchunguza kila unyoya, hutaiona rangi aliyoibeba. Yaliyomo ndani yake yanaonekana kwa binti zake tu.

Nikampa mitetea wa kienyeji wanaotaga mayai meupe. Nikaangua, nikalea, nikasubiri mabinti wakue. Jogoo akiwa safi, mabinti wote watataga ya buluu au ya kijani. Akiwa amechanganyika, wengine watafuata mama zao, na yai moja tu la kawaida linatosha kumhukumu. Binti wa kwanza alitaga buluu. Wa pili, wa tatu, wa nne. Nilianza kumpenda jogoo yule. Wa tano akataga jeupe.

Zamani ningemchinja siku hiyo. Nilikwenda na kisu, sikufichi. Nikasimama nikafikiri: ni yeye tu niliye naye. Nikamwacha. Nikachagua mabinti wa buluu, nikachagua watoto wao, nikawapima hivyo hivyo uzao baada ya uzao. Kuku unaowaona uani leo, wanaotaga buluu bila kukosea, wote babu yao ni huyo mwenye hatia.

Sikuambii uache kushuku. Hatuishi katika nyakati hizo, na wewe ni mwanangu. Huko utakuwa Mngazija katika mji wa Wanzwani, utasikia watu wakinyamaza ukiingia, na mara nyingine watakuwa wakikusema kweli. Ukimshuku mtu, mshuku kama nilivyomshuku jogoo yule. Uwe na njia ya kujua, uipe muda wake, na muda ukiisha ukubali ulichokiona. Mimi kwa Abdu sikuwa na njia wala muda. Nilikuwa na jivu tu.

Hata posa yako niliishuku. Nilisikia kwamba kaka wa Bi Zahara huwauzia samaki mamluki wa kambi ya kwao. Nikamwandikia mtu wangu wa zamani, wa ghala, anichunguzie ni mtu wa namna gani. Jibu lilikuja mstari mmoja: "Huyo ni kama wewe." Nililisoma mara nyingi nikitaka kuliona tusi. Kisha nikapeleka posa.

Nyumba ile haitakuwa yako. Usihangaike kutafuta kitu cha kukiita chako ili ukiwekee kufuli. Kuku wapo tayari, wanalala uani kwa Bi Zahara, na mkeo amewalisha tangu utotoni kabla hajajua kama upo. Wanahitaji damu mpya tu, kwa sababu huko wamezaana wao kwa wao muda mrefu. Ndiyo kazi ya kapu hili.

Mama yako bado yuko macho, anamalizia kofia yako, imebaki pindo. Muda mfupi uliopita nilikaa na kapu mapajani. Mkono ulikwenda wenyewe pale ninapoiweka sindano, nyuma ya fremu ya dirisha. Niliishika. Yeye aliacha kudarizi. Nikainuka, nikampa. Aliijaribu ncha kwa kidole, akasema imekuwa butu, akaitia uzi hivyo hivyo. Sasa nasikia inavyopenya kitambaa.

Mayai ni kumi na mawili, yote ya jogoo mtupu na mitetea wenye vishungi. Yalaze ncha chini, yatulie siku nzima baada ya safari, ndipo uyaweke chini ya kuku. Lakini kwanza ingia chumba chenye giza, washa tochi, liinue kila moja uliangalie upande mpana.

Sikuyatoboa. Lakini ningekuwa wewe, ningeyaangalia.

Baba yako